Simu ya Mkunga

Kuna watu ambao hutaki kuwapelekea kadi ya harusi, na Nukta alikuwa mmoja wao. Hakuwa mlevi wala mgomvi. Shida ni kwamba ukimpa kadi leo, kesho anakurudishia ikiwa imesahihishwa kwa kalamu nyekundu. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa msoma prufu katika kiwanda cha uchapaji, na jina la Nukta alipewa na mafundi wa mashine, waliosema kwamba mtu huyu hata ukimzika ataamka kwanza asome kaburi lake limeandikwaje. Nyumbani mkewe alimwita Baba Pacha, kwa ajili ya mabinti zao wawili walioolewa mbali, naye alimwita mkewe Mama Pacha. Mtaa mzima ulimwita mke huyo Mkunga tu, kana kwamba duniani hakuna mwingine.

Kiwanda kilifungwa. Mashine zilipakiwa kwenye malori zikaenda zilikokwenda, na Nukta akaruhusiwa kuondoka na kompyuta aliyokuwa akiitumia, kompyuta nzito ya mezani yenye feni inayokoroma. Aliiweka kando ya dirisha la sebuleni. Mwaka na miezi miwili ikapita. Kila asubuhi alinyoa ndevu, akavaa shati lililopigwa pasi, akakaa mbele ya mashine hiyo bila kuwa na la kuifanyia. Alisahihisha kalenda ya ukutani. Alisahihisha maelezo ya kwenye pakiti za dawa. Watu walipomuuliza, "Siku hizi uko wapi?" alijibu, "Nipo nipo," na hilo, kila mtu anajua, ni jibu la mtu asiye na pa kwenda.

Alikuwa ameanza kuzeeka kwa kasi, na mkewe aliliona hilo.

Ndipo mwenzake wa zamani alipomletea habari. Kampuni moja ya vitabu, katika mji mwingine, ilikuwa inatafuta msoma prufu wa kufanya kazi akiwa nyumbani kwake. Hawakutaka cheti wala barua ya mkubwa fulani. Walitaka mtihani. Alhamisi saa nne kamili asubuhi ukurasa wao wa mtandaoni ungefunguka, kurasa kumi zenye makosa, na muda ni saa moja. Unafanya mara moja tu. Mtandao wako ukikatika, mtihani unajifunga na haufunguki tena, maana walikwisha kuchoshwa na watu wanaotoka kwenda kuulizia majibu kwa jirani.

Macho Nukta alikuwa nayo. Kompyuta alikuwa nayo. Mtandao hakuwa nao. Duka la mtandao la karibu lilikuwa limegeuzwa saluni, na simu yake yeye ilikuwa kitochi, kile kisimu cha vitufe kinachojua kupiga, kupokea na kumulika basi. Simu ya maana ndani ya nyumba ile ilikuwa ya Mkunga, aliyoletewa na mabinti.

Kinyozi wa ng'ambo ya barabara ndiye aliyemwonyesha njia. Unachukua waya wa kuchajia, upande mmoja unauchomeka kwenye simu, wa pili kwenye kompyuta, unagusa mahali pamoja kwenye mipangilio, na kompyuta inapata mtandao kupitia simu. Jambo jepesi kabisa. Lakini kinyozi akaongeza neno. "Kwa simu hii, mtu akipiga tu, mtandao unasimama. Hata ikiita mara moja. Ikinyamaza ndiyo unarudi."

Nukta akashusha pumzi. Katika simu zote za dunia, asingeweza kupata simu inayoita kuliko ile.

Mkunga alikuwa amestaafu zahanati miaka mitatu nyuma, lakini mimba hazikupata habari hiyo. Wanawake wa mitaa minne walimtafuta mchana na jioni, na walimtafuta kwa utaratibu alioupanga yeye mwenyewe. Hawakupiga, walibipu. Unaacha simu iite mlio mmoja, unakata. Mlio mmoja maana yake tuko wazima, mama na mtoto. Miwili, mmoja nyuma ya mwingine, nina swali, nipigie ukipata nafasi. Mitatu, njoo. "Simu ikipokewa inataka maelezo," alikuwa akiwaambia, "na mwenye uchungu hana maelezo." Tena kuna mama wakwe ambao hawahitaji kusikia kila kitu. Utaratibu ulikuwa umekaa vizuri kiasi kwamba hakuna mwanamke aliyekumbuka mara ya mwisho kumpigia Mkunga simu ikapokewa.

Basi Nukta akafikiri, akapata ufumbuzi ambao alijivunia. Simu inaweza kuagizwa ihamishie nyingine kila anayepiga. Angehamishia simu za mkewe kwenye kitochi, ampe mkewe kitochi akae nacho, na ile kubwa ilale mezani kimya ikigawa mtandao. Jumatano akaenda kwa kinyozi kulijaribu jambo lenyewe. Aliweka kitochi juu ya kiti cha wateja, kinyozi akapiga namba ya Mkunga kwa simu yake mwenyewe, wakasubiri wote wawili wamekikodolea macho. Kikalia.

"Inafanya kazi!" Nukta akasema.

"Inafanya, ila kizee chako kinachelewa kuamka," kinyozi akasema huku bado simu iko sikioni. "Huku kwangu imeshaita mara mbili ndiyo chenyewe kinashtuka." Wakacheka. Mteja aliyekuwa na povu kidevuni naye akacheka.

Nyumbani alimkabidhi mkewe kitochi kwa mikono miwili. "Kesho simu zako zote zitaingia hapa."

Mkunga alikipima kiganjani. "Zote?"

"Zote. Nimejaribu."

"Saa moja tu?"

"Saa moja tu, Mama Pacha. Haizidi hata dakika."

Alimtazama kitambo, lile shati lililopigwa pasi, ile kalamu nyekundu mfukoni ambayo haikuwa na kazi. "Basi nenda kafaulu," akasema, akakitia kitochi mfukoni. Watu wazima wawili, wenye akili zao timamu, na hakuna hata mmoja kati yao aliyewaza habari ya kubipu. Ukizoea jambo sana, huliangalii tena.

Alhamisi saa nne kasorobo Nukta alikuwa mezani. Waya aliubana kwa gundi ya karatasi usitikisike, simu akailaza juu ya kamusi. Aligusa pale alipoonyeshwa, na kompyuta ikapata mtandao. Saa nne kamili ukurasa ukafunguka.

Ah, ungemwona! Mgongo ulinyooka. Ukurasa wa kwanza aliumaliza kwa dakika tano, wa pili kwa nne. Kila kosa aliligundua kabla hajalifikia, kama mtu anayejua ngazi za nyumbani kwake gizani. Jina lililoandikwa kwa namna mbili katika aya moja, mwaka uliowekwa mbele ya mwaka ulioutangulia, mhusika aliyevua viatu mara mbili bila kuvivaa. Alikuwa anafurahi, na alijijua kuwa anafurahi. Nje mkewe alikuwa uani anaanika mashuka, anaimba kwa sauti ya chini.

Dakika ya thelathini na nne alikuwa ukurasa wa sita. Hapo palikuwa na hadithi ya mzee aliyewagawia wanawe watatu mashamba. Nukta aliisoma mara moja akaona safi. Akairudia. Kulikuwa na wana watatu, lakini waliopewa mashamba ni wawili. Mstari mzima ulikuwa umeondolewa, na walioutoa walizifunga ncha vizuri, hakuna alama ya jeraha. Akatabasamu. Kule kiwandani alikuwa akiwaambia wanafunzi wake kwamba kosa lililoandikwa hata mtoto ataliona. Msoma prufu hupimwa kwa kosa la kitu kisichokuwapo.

Akaandika: *hapa pamepotea mstari.* Na mkono wake haujaondoka, akasikia kimya.

Nyumba ile huwezi kuchemsha chai bila kusikia mlio. Asubuhi ndiyo usiseme: wiki hiyo kulikuwa na wazazi watano, na kila mmoja akishamwogesha mtoto hubipu mara moja, tuko wazima. Ilikuwa saa nne na dakika thelathini na nne. Watoto wote watano walikuwa wamekwisha kuoga.

Alifungua dirisha. "Mama Pacha! Umepata simu yoyote?"

"Wala!" mkewe alijibu kutoka nyuma ya shuka. "Hata kubipiwa sijabipiwa. Leo wamenionea huruma, wamejua mume wangu ana mtihani."

Akacheka, na Nukta akacheka pia, akarudi kukaa. Alisoma mistari mitatu. Katika mstari wa nne yakamrudia maneno ya kinyozi: huku imeshaita mara mbili ndiyo chenyewe kinashtuka.

Mlio wa pili. Lakini anayebipu huachia mlio mmoja.

 Kitochi hakikuwa kimya kwa kuwa hakuna aliyemtafuta Mkunga. Kilikuwa kimya kwa sababu kila aliyemtafuta alikata kabla hakijaamka.

Hapa asikudanganye mtu kwamba Nukta aliruka kama shujaa. Alikaa. Zilibaki dakika ishirini na nne na kurasa nne, na alijua kwa hakika, kama anavyojua jina lake, kwamba kazi ile ni yake. Akiufuta ule uhamisho, simu italia na mtandao utasimama. Ukisimama, mtihani utajifunga. Akajiambia, wanaobipu asubuhi ni wazazi wanaosalimia tu. Akajiambia, si kila siku mtu huzaa. Akajiambia, mkewe mwenyewe alikubali. Yote yalikuwa kweli. Alisahihisha makosa mengine mawili, na la pili alilisahihisha vibaya, jambo ambalo halikuwahi kumtokea.

Alijisogeza, kiti kikalia. Ndicho kiti alichompisha Jumapili mke wa fundi makochi, alipokuja kumwona Mkunga na tumbo limeshuka, hawezi kukaa kwenye kochi la chini. Siku zake zilikuwa zimefika. Ilikuwa mimba yake ya kwanza, na alicheka kwa aibu kila aliposhika kiuno.

Nukta akaunyofoa waya.

Kwenye kioo yakaja maandishi: *Mtandao umekatika. Mtihani umefungwa. Tunakushukuru kwa kushiriki.* Aliyasoma kwa mazoea akitafuta kosa. Hata kosa la kumfariji halikuwamo.

Alifuta ule uhamisho wa simu. Hakumaliza dakika moja. Simu ikalia mlio mmoja, ikakata. Ikalia. Ikalia tena. Mitatu. Jina lilikuwa la mke wa fundi makochi.

Alitoka mbio mpaka uani, akapitiliza katikati ya mashuka mabichi, akamnyooshea mkewe simu. Mkunga aliitazama simu, akamtazama yeye, na uso wake ukabadilika.

"Tangu saa ngapi?"

"Sijui," Nukta akasema. "Hazikuwa zinaingia."

Hakuuliza zaidi. Begi lake lilikuwa nyuma ya mlango siku zote. Alilikwapua akaondoka na mikono yake ina maji.

Nukta alibaki na mashuka. Aliyaanika yaliyosalia, pindo kwa pindo, yamenyooka kama mistari ya kitabu, kwa kuwa mikono ilihitaji kufanya kitu. Mtihani hakuuwaza. Alizihesabu dakika zile alizokaa akijibembeleza, akaona ni tano, akazihesabu upya akitumaini zitapungua. Kinyozi alipiga kelele kutoka ng'ambo, "Vipi, mwalimu, umemaliza?" Akajibu, "Nimemaliza."

Saa nane Mkunga alirudi. Alikaa kwenye kile kiti kigumu, akavua viatu.

"Wa kike," akasema.

"Mzima?"

"Sasa ni mzima." Akapangusa uso. "Kitovu kilikuwa kimemzunguka shingoni mara mbili. Nilikitoa kwa kidole, kichwa kimeshatoka. Fundi yuko safari, ndani yumo bibi mmoja kiziwi, na binti wa watu amejishikilia kwenye dirisha. Amebipu tangu saa nne na robo, Baba Pacha. Mara kwa mara, tatu tatu. Na mimi niko uani naimba."

Nukta aliviokota vile viatu akavipanga ukutani.

"Ningechelewa dakika kumi nyingine..." Hakuimalizia. Alikuwa na hasira, na hasira yenyewe hakujua aipeleke kwa nani, maana kitochi alikipokea kwa mkono wake. Kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida, "Na mtihani?"

"Ulijifunga."

"Wenyewe?"

"Nilichomoa waya."

 Mkunga akainuka, akamwekea chakula mezani, wakala bila kuzungumza, lakini hawakuwa wamenuniana.

Saa kumi Nukta alirudi kwenye kompyuta kuwaandikia watu wa vitabu. Mkewe alivaa miwani akasimama nyuma yake. Barua ilianza: *Kutokana na hitilafu ya mtandao iliyokuwa nje ya uwezo wangu...*

"Hitilafu gani?" Mkunga akauliza.

"Ndivyo wanavyoandika watu."

"Mtandao ulikuwa mzima. Umeuzima wewe, kwa mkono wako. Kwa nini usiseme hivyo?"

Nukta akageuka, na kilichokuwa moyoni mwaka mzima kikamtoka. "Niwaambie nini? Kwamba sina hata mtandao wangu mwenyewe? Kwamba mtu mzima na mvi zake anaazima simu ya mkewe, na simu yenyewe ndiyo inayozalisha mitaa minne? Wakisoma hivyo watanipa kazi gani? Naona aibu, Mama Pacha. Naona aibu kila siku."

Mkunga aliweka mkono begani pake. Ulikuwa bado na harufu ya dawa ya kunawia. "Mficha uchi hazai," akasema. "Wanawake nawaambia hivyo kila siku, na wanacheka, halafu wanazaa. Futa hiyo."

Kwa miaka ishirini na sita hakuna aliyewahi kumwambia Nukta afute. Alifuta. Akaandika upya, na safari hii ilikuwa fupi:

*Mtihani wangu ulijifunga dakika ya arobaini na moja kwa sababu niliuchomoa waya mwenyewe. Napata mtandao kupitia simu ya mke wangu, ambaye ni mkunga. Niligundua kwamba mama mmoja mwenye uchungu alikuwa akimtafuta na simu haikuwa ikiingia kwa kosa langu. Mtoto amezaliwa salama. Nikipata kazi hii, nitaendelea kutumia simu hiyohiyo, nayo ikiita nitasimama. Katika ukurasa wa sita kuna mstari uliopotea. Mwana wa tatu hakupewa shamba.*

Mkunga aliisoma mpaka mwisho. "Hapo sawa," akasema, akaenda mwenyewe kuuchomeka waya. Aliilaza simu juu ya kamusi, akavuta kiti kingine akakaa ubavuni kwa mumewe. Nukta akabonyeza kutuma. Kiduara kikaanza kuzunguka katikati ya kioo.

Simu ikalia mlio mmoja, ikakata. Kiduara kikaganda.

Wote wawili waliinama kuitazama. Lilikuwa jina lilelile la asubuhi. Mkunga alikuwa ameshaunyoosha mkono kuelekea kwenye begi, na Nukta ameshaushika waya tayari kuuchomoa. Wakasubiri mlio wa pili. Wakasubiri wa tatu. Nje shuka moja lilikuwa likipigapiga kwenye kamba.

"Mmoja," Nukta akasema polepole.

"Mmoja," mkewe akaitika.

Akauachia waya, na kiduara kikaanza kuzunguka tena.